Mshipa Upi? Utata wa Istilahi katika Upimaji wa Mgonjwa wa Kiharusi

Makala haya yanachunguza neno moja, mshipa, na mzigo linaotwikwa pindi mgonjwa wa kiharusi anapopimwa shingo kwa ultrasaundi. Katika mazungumzo ya kila siku neno hili hutaja njia ya damu, neva, pengine msuli, na hata ngiri. Aghalabu muktadha huondoa utata huo. Hapa hauondoi.

Kipimo chenyewe si kigumu kueleza. Mpimaji hupaka jeli shingoni, kisha hupitisha kifaa kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo yakigonga chembe za damu zinazosafiri hurudi na mitetemo iliyobadilika, na badiliko hilo ndilo linaloonyesha kasi ya damu. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler mwaka wa 1842. Mnamo 1982, Rune Aaslid na wenzake walionyesha kwamba hata ateri zilizomo ndani ya fuvu hupimika kupitia panjani, ambako mfupa ni mwembamba.

Ugumu umo katika kueleza matokeo. Ateri ya karotidi ya ndani, inayopeleka damu ubongoni, ikisongwa na mafuta yaliyojijenga ukutani mwake, damu hupita penye wembamba kwa kasi zaidi, mithili ya maji katika mpira uliobanwa mdomo kwa kidole gumba. Kasi inayozidi sentimita 230 kwa sekunde kwa kawaida hufasiriwa kuwa asilimia 70 au zaidi ya upana imepotea. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba damu yake inakwenda kasi, atamshukuru Mungu! Njia ikiziba kabisa, kasi hiyo hutoweka.

Vivyo hivyo, "mshipa wa shingo una kasoro" ni sentensi sahihi kisarufi lakini ya hatari kimaana. Anayewaza msuli atamwendea mkandaji, ilhali kukanda ateri yenye mafuta hayo huweza kumegua kipande kikapanda hadi ubongoni. Istilahi ateri, vena na neva zipo tayari, ila kumtajia mzee ateri bila ufafanuzi ni kubadilisha fumbo kwa fumbo. Afadhali maelezo yatangulie, istilahi ifuate: "Mzee, mshipa wa shingoni unaopeleka damu kwenye ubongo, ambao huitwa ateri, umekuwa mwembamba. Damu inakwenda kasi kwa sababu njia imebanwa. Tafadhali usikandwe shingo."