Ukungu wa Zabibu na Ukungu wa Mtama

Mlaji wa Mbuba aliyekulia penye migomba analijua tayari somo la kwanza la mvinyo mtamu. Ndizi ikiiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari. Maji yake yakikamuliwa na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa, chachu huila sukari hiyo na kutoa kilevi. Ndiyo maana pombe ya ndizi huanza ikiwa tamu, kisha huwa kali kadiri siku zinavyopita. Utamu unaobaki katika kinywaji cha namna hii ni sukari ambayo chachu haijaimaliza.

Ujerumani na Austria hutengenezwa mvinyo ambao chachu hushindwa kabisa kuimaliza sukari yake. Zabibu huachwa mzabibuni hadi zishikwe na ukungu uitwao Botrytis cinerea. Asubuhi ya umande huukuza ukungu huo, na jua la mchana huuzuia usizidi. Ukungu hutoboa ganda la tunda, maji hutoka, nalo tunda husinyaa likiwa limejaa sukari. Wachumaji huchagua punje kwa punje, wakirudi shambani mara kadhaa. Mji wa Rust nchini Austria, kando ya ziwa Neusiedl, una sifa ya zamani kwa kazi hii. Wajerumani huuita uozo huo Edelfäule, yaani uozo wa kiungwana, na mvinyo wa punje zilizokaukia mzabibuni huuita Trockenbeerenauslese. Mavuno ni haba, chupa mara nyingi ni ndogo, na bei ni kubwa.

Palipo na bei kubwa hapakosi mjanja. Mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya wafanyabiashara wa Austria walitia katika mvinyo wao kemikali ya dietilini glikoli, ili mvinyo hafifu uonekane mzito na mtamu kama ule wa daraja la juu. Kemikali hiyo ni sumu. Nchi nyingi ziliondoa mvinyo wa Austria madukani, nayo Austria ikatunga sheria kali mwaka uleule. Basi mlaji asiuchukue utamu peke yake kuwa ushahidi wa ubora. Asome lebo: mtengenezaji ni nani, nchi gani, kilevi kiasi gani, na sukari imeongezwa au la. Chupa isiyotaja mtengenezaji iachwe dukani.

Lipo jambo zito zaidi, nalo linahusu ghala la nyumbani. Msomaji asije akasema kwamba, kama Wazungu hunywa zabibu zilizoota ukungu, mtama wetu ulioota ukungu nao unafaa kwa pombe. Ukungu ule wa zabibu hautoi sumukuvu. Ukungu unaoshika mtama, mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu waweza kuitoa, na mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga mtama hakuimalizi sumu hiyo, na kuchachuka kwa pombe si kinga. Wala haionekani kwa macho. Nafaka yaweza kuwa nayo hata ukungu ukipukutishwa.

Mtama wa pombe uanikwe juu ya turubai, usianikwe juu ya udongo, na uwekwe ghalani ukiwa umekauka barabara. Ulioota ukungu usisagwe, usiuzwe, wala usipewe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa anayokunywa mtoto.