Umilisi na Utendaji Uwanjani: Vigezo vya Kumtathmini Winga Chipukizi wa Raga

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii husikika sana katika viwanja vya raga vya Nairobi kila kijana mwenye mbio anapopokea mpira pembeni. Kutoka Muthangari, ninakoishi, hadi uwanja wa RFUEA ulioko kando ya barabara ya Ngong si mwendo mrefu, na mara nyingi nimewasikia mashabiki wakimtawaza chipukizi kuwa “Injera mpya” kabla kipindi cha kwanza hakijamalizika. Akidondosha mpira mara mbili, sauti zizo hizo humzomea. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kosa hili ni la uhakiki: tumesoma ukurasa mmoja, tukahukumu kitabu kizima.

Umilisi na Utendaji

Mwanafunzi wa isimu anaijua tofauti baina ya umilisi, yaani maarifa ya lugha aliyo nayo msemaji akilini, na utendaji, yaani matumizi halisi ya maarifa hayo, ambayo huweza kuathiriwa na uchovu au hofu. Tukiuazima msamiati huu, trai (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ni utendaji. Mtathmini hutafuta umilisi ulio nyuma yake. Hata hivyo, ulinganishi huu una mpaka: umilisi wa chipukizi haujakamilika, bali hukua kwa mafunzo. Kwa hiyo swali si “anaweza nini leo?” pekee, bali pia “anajifunza kwa namna gani?”

Vigezo vya Tathmini

Kigezo cha kwanza ni kasi. Raga ya wachezaji saba huchezwa kwa vipindi viwili vya dakika 7, katika uwanja uleule wa wachezaji 15. Nafasi ni pana, na mbio ni mtaji. Lakini yafaa kutofautisha mbio za hatua za mwanzo na mbio ndefu. Aidha, mbio za dakika ya kwanza na zile za dakika ya 13.

Pili ni mikono. Kudaka mpira ukiwa peke yako si hoja. Hoja ni kuudaka juu huku mpinzani akikujia.

Tatu ni kuusoma uwanja. Tuulize winga alisimama wapi kabla mpira haujamfikia, na kama alijua wakati wa kukimbia na wakati wa kumpasia mwenzake.

Nne ni ulinzi. Winga mara nyingi ndiye mtu wa mwisho pembeni. Anayefunga trai mbili na kuruhusu tatu ameigharimu timu yake.

Tano ni namna anavyolipokea kosa. Mechi inayofuata kosa hutufunza mengi kuliko mechi ya ushindi.

Mifano Miwili

Collins Injera, aliyechezea klabu ya Mwamba, alikuwa mfungaji bora wa trai katika msimu wa dunia wa 2008/2009 kwa trai 42. Mwaka wa 2016 aliivunja rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, na mwaka huohuo Kenya ikatwaa taji la Singapore kwa kuilaza Fiji 30-7. Baina ya msimu ule na rekodi hiyo kuna miaka saba. Basi anayemwita kijana wa wiki mbili “Injera mpya” anausifu mwisho wa hadithi ambayo haijaanza.

Mfano wa pili ni Perry Baker wa Marekani. Katika kandanda ya Kimarekani alikuwa mpokeaji wa pembeni, nafasi inayohitaji mbio na mikono kama ya winga. Mwaka wa 2011 klabu ya Philadelphia Eagles ilimsajili, kisha ikamwacha kwa sababu ya goti. Baadaye aligeukia raga, akatangazwa mchezaji bora wa dunia wa raga ya wachezaji saba mwaka wa 2017 na 2018. Waliomwacha walilipima goti lake. Hilo halikutosha kuonyesha alichokuwa akielekea kuwa.

Hitimisho

Tumeona kuwa sifa za haraka na lawama za haraka ni ndugu wa tumbo moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema mchanga akitukanwa, huenda asiupande mnazi tena. Hasara hiyo humwangukia kijana ambaye pengine ameiweka kando shule au kazi kwa ajili ya mchezo. Napendekeza, basi, kwamba mtathmini amtazame chipukizi katika mechi kadhaa, dhidi ya wapinzani tofauti, na anakili hasa anayoyafanya asipokuwa na mpira. Nyota njema huonekana asubuhi, naam. Lakini huonekana na yule aliyevumilia kukesha akiitazama mbingu.