Kubuni Maktaba ya Mtaani: Somo kwa Wanafunzi wa Thika na Ruiru

Utangulizi

Maktaba ya mtaani ni kabati la vitabu linalowekwa mahali pa wazi. Mpita njia huchukua kitabu bila kadi wala ada, kisha hukirudisha au huacha kingine. Makala hii inashikilia kwamba mwanafunzi anayebuni maktaba hiyo hana budi kuanza na msomaji, si kabati.

Hoja hii ina mfano nchini Kenya. Shirika la taifa la huduma za maktaba, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, lilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Maktaba ilimfuata msomaji. Thika ina maktaba ya umma. Hata hivyo, kwa mtoto wa Ruiru, mji uliokuwa na watu 490,120 katika sensa ya 2019, nauli ya matatu yaweza kuwa kizuizi.

Hatua za Somo

Kwanza, wanafunzi wausome mtaa. Wahesabu wapitao kituoni, dukani na karibu na shule: ni akina nani, na hupita saa ngapi?

Pili, wachore. Paa liwe na mteremko kwa ajili ya mvua za masika, nayo rafu ya chini ifikiwe na mtoto wa chekechea.

Tatu, wateue mlinzi. Pengine muuza mboga wa jirani atakubali kulifungua kabati asubuhi na kulifunga jioni.

Nne, wachague vitabu. Hapa ndipo penye hatari. Watu hupenda kutoa wasivyovihitaji, kama vile vitabu vya marudio vya KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Kabati la mabaki hugeuka jaa. Hadithi za Kiswahili na Kikuyu, pamoja na vijitabu vilivyoandikwa na wanafunzi wenyewe, zitamrudisha msomaji.

Mazoezi

1. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Andika barua rasmi kwa Serikali ya Kaunti ya Kiambu kuomba mahali pa kuweka kabati.
2. Linganisha matangazo haya: "Ni marufuku kuondoka na kitabu" na "Soma, kisha umpishe mwenzio." Lipi linajenga uaminifu? Kwa nini?

Hitimisho

Seremala aweza kulitengeneza kabati kwa siku chache. Kumjua msomaji ndiko kazi ya darasa, nako kusipofanywa, kabati litabaki pambo la barabarani.