Mbwa Mdogo wa Ndani na Hatari ya Kichaa cha Mbwa
Chihuahua, mbwa aliyepewa jina la jimbo moja la Meksiko, kwa kawaida hana uzito wa kuzidi kilo 3. Anayemfuga hujifunza upesi udhaifu wake. Mguu huweza kuvunjika aking'oka kitini, na mtoto wake akikosa chakula kwa saa chache sukari ya damu hushuka hata akatetemeka na kuzimia. Ndiyo maana hulishwa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku.

Udhaifu huo, hata hivyo, huwahadaa watu. Aliyeng'atwa na mbwa wa kubebwa mkononi hucheka, hufuta damu kwa kitambaa, akaendelea na shughuli zake. Virusi vya kichaa cha mbwa havitegemei ukubwa wa jino. Hupenya pamoja na mate hata kwenye mchubuko mdogo, na dalili zikishaanza, mgonjwa hufa karibu daima.

Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mgonjwa afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu asimrudishe nyumbani kwa kuwa mbwa ni wa ndani. Aulize tarehe ya chanjo na aombe kadi. Mbwa aliye mzima huangaliwa kwa siku 10, lakini matibabu ya binadamu hayasubiri siku hizo kuisha.

Mbwa huchanjwa kwa kawaida afikishapo miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kadi yake ihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.