Waliobaki Sokoni

Somo la vikundi vya mitaa. Soma kwanza: Mathayo 20:1–16.



Mfano huu wa shamba la mizabibu tumeusikia mara nyingi, na kwa kawaida tunabishana juu ya malipo tu. Mwezi huu na tuangalie jambo lingine. Saa kumi na moja jioni mwenye shamba aliwakuta watu bado wamesimama sokoni. Alipowauliza sababu, walieleza kwamba hawakupata wa kuwaajiri. Naye hakuwaita wavivu, aliwapa kazi.

1. Ni nani hao kwetu?

Miongoni mwao wamo vijana wenye usonji. Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Mwenye hali hiyo hupokea sauti, mwanga na maneno kwa namna iliyo tofauti na wengi wetu. Wengine hawasemi kabisa. Wengine wamefika chuo kikuu. Si laana, hauambukizi, wala si kosa la mama katika malezi. Tena hauishi utotoni. Mtoto tuliyembatiza jana, kesho ni mtu mzima anayetafuta kazi.

2. Kosa langu mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu watatu waliosaili waombaji wa kazi ya kutunza stoo. Aliingia kijana mwenye cheti kizuri. Hakutuamkia, wala hakututazama usoni. Tulipomwambia, "Haya, tueleze habari zako," alikaa kimya, kisha akauliza, "Habari zipi?" Tukacheka. Jenereta ilipowashwa nje, akaziba masikio. Kwenye karatasi yangu niliandika: Hana adabu.

Hakupata kazi. Baadaye mama yake alinieleza kwamba mwanawe ana usonji, na kwamba daftari la duka lao ni yeye analiandika. Ndugu zangu, hatukumwuliza hata neno moja juu ya kutunza stoo. Tulipima salamu, tukadhani tumepima kazi.

3. Sheria imefungua mlango

Hapa Tanzania ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kuajiri watu wenye ulemavu wenye sifa, wafike asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Penye watu 100, hao ni 3. Sheria haihesabu ulemavu wa viungo peke yake. Inataja pia sababu za akili na za kijamii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Na matangazo ya kazi za serikali huwahimiza wenye ulemavu kuomba na kuutaja ulemavu wao.

Lakini usonji hauonekani kwa macho. Asiyeutaja huenda asipate nafasi hiyo. Anayeutaja huogopa kuitwa mwendawazimu. Uamuzi ni wake, na sisi tusimtangaze.

4. Mlango wa pili ni usaili

Mwaka 2004 huko Denmark, Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni iitwayo Specialisterne. Hakutegemea maswali ya mezani. Vijana walipewa vipande vya Lego waunde roboti na kuziendesha, huku wakitazamwa jinsi wanavyofanya kazi. Wengi waliajiriwa kukagua programu za kompyuta. Mwaka 2013 kampuni ya SAP ya Ujerumani nayo ilianza mpango wa kuajiri watu wenye usonji.

Tusidhani kila mwenye usonji ni fundi wa kompyuta. Fundisho ni hili: anayetafuta mshonaji ampe kitambaa, anayetafuta mtunza stoo ampe stoo.

5. Yatupasayo

(a) Mwenye duka, karakana au shule ampe kijana kazi ya majaribio ya siku chache, na ampelekee maswali mapema.

(b) Maagizo yawe wazi. Usiseme, "Panga vizuri hapo." Sema, "Mifuko ya unga iwe kushoto, sukari kulia."

(c) Apewe mahali pasipo makelele, na mtu mmoja wa kumwuliza.

(d) Wazazi wasimfiche. Kasisi na wazee wa kanisa wamsaidie kuandika barua ya maombi, na mmoja amsindikize akiomba.

(e) Alipwe sawa na wenzake. Mwenye shamba aliwapa wale wa jioni ujira kamili. Hakuwapa nauli na kuwaambia washukuru.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika mtaa wetu, ni nani amebaki sokoni? Tumewahi kumwuliza anaweza nini?
2. Je, kutosalimia ni kukosa heshima siku zote?
3. Parishi yetu ina kazi zipi za malipo, nasi huzigawa kwa kupima nini?

Sala

Ee Bwana, uliyetoka mwenyewe kuwatafuta waliosahauliwa, utusamehe tuliowahukumu wenzetu kwa dakika chache. Uwape vijana wetu kazi ya mikono yao, nasi utupe uvumilivu wa kuitazama kazi hiyo kabla ya kusema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.