Kabla ya Darasa Kuhamia Simuni: Maswali Saba ya Kupima Programu za Kujifunzia Mtandaoni

Katika shule nyingi nchini, kikundi cha WhatsApp cha darasa kimechukua nafasi ya ubao wa matangazo. Mwalimu hutuma kazi ya ziada hapo, wazazi huulizia sare na ada hapo, na picha za watoto wakiwa darasani hutumwa papo hapo. Shule nyingine zimeenda mbali zaidi. Zinatumia Google Classroom kugawa na kukusanya kazi, hati za pamoja za Google Docs, ubao wa Padlet, Telegram au vikao vya Zoom.

Mara nyingi programu huchaguliwa kwa sababu moja tu: tayari imo kwenye simu ya mwalimu. Sababu hiyo si mbaya, ila haitoshi. Programu isiyofaa yaweza kumwacha nyuma mtoto ambaye kwao kuna simu ya mulika mwizi pekee, kumaliza bando la mzazi, au kuweka sura ya mtoto na namba ya simu ya nyumbani kwao mikononi mwa watu wasiojulikana. Makala haya yanaeleza namna walimu, wazazi na bodi za shule wanavyoweza kuipima programu kabla ya kuikubali.

Kushirikiana si kuwa kikundi kimoja

Mtaala wa umilisi unataja umilisi wa kimsingi wa aina saba. Miongoni mwake ni mawasiliano na ushirikiano, na ujuzi wa kidijitali. Kwa hivyo kuna sababu nzuri ya wanafunzi kufanya kazi pamoja kwa kutumia mtandao.

Hata hivyo, kikundi ambacho mwalimu anatuma ujumbe na watu 40 wanajibu "sawa mwalimu" ni mahali pa kutangaza, si mahali pa kushirikiana. Ushirikiano upo pale mwanafunzi mmoja anapoanza kazi, wa pili akairekebisha, wa tatu akaongeza, na mwalimu akaweza kuona nani alifanya nini. Hati ya pamoja ya Google Docs, kwa mfano, hutunza historia ya mabadiliko. Kila mmoja akiingia kwa akaunti yake, mwalimu huona sentensi ipi iliandikwa na nani na saa ngapi. Mazungumzo ya WhatsApp hayana njia ya namna hiyo ya kujenga kazi moja.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipeperusha masomo kwa redio, runinga na YouTube, na walimu wengi wakageukia WhatsApp na Zoom. Nyumba zisizo na umeme, simu ya kisasa au pesa za bando zilibaki nje. Funzo hilo halijapitwa na wakati.

Maswali saba

1. Lengo ni lipi? Mwalimu aandike kwa sentensi moja kile ambacho wanafunzi wataweza kufanya. Ikiwa kazi hiyo inafanyika vizuri vivyo hivyo kwa daftari, basi daftari litumike.

2. Nani ataachwa nje? Kabla ya kuchagua, mwalimu ahesabu ni nyumba ngapi zina simu ya kisasa, ngapi zina simu ya kawaida, na ngapi hazina simu ya kutegemewa. Hesabu hiyo ifanywe kwa karatasi isiyo na jina, ili mtoto asiaibishwe mbele ya wenzake.

3. Gharama ni kiasi gani, na nani analipa? Video ya MB 20 ikitumwa kwa wazazi 40, wazazi kwa jumla hulipia MB 800. Maelezo yale yale yakirekodiwa kwa sauti kwa dakika tatu hayafiki hata MB 1.5 kwa mzazi mmoja, yaani chini ya MB 60 kwa wote. Maandishi matupu ni madogo zaidi. Saa moja ya kikao cha video huweza kumeza zaidi ya nusu GB kwa kila anayeshiriki. Mwalimu hulipa mara moja, ila wazazi hulipa mara 40.

4. Umri na sheria vinaruhusu? WhatsApp na Facebook hudai mtumiaji awe na angalau miaka 13. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema taarifa za mtoto zisikusanywe wala kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na matumizi hayo yawe kwa manufaa ya mtoto. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Idhini inaweza kuondolewa wakati wowote.

5. Faragha ikoje? Katika kikundi cha kawaida cha WhatsApp, kila mwanachama huona namba za wenzake. Ujumbe hufungwa kwa siri unaposafiri kutoka simu moja hadi nyingine, lakini siri hiyo haimzuii mwanachama kupiga picha kioo cha simu yake na kuisambaza. Kwa hati za pamoja, jambo la kuangalia ni mpangilio wa kushiriki. Hati iliyo wazi kwa "yeyote mwenye kiungo" iko wazi kweli kweli.

6. Nani anasimamia? Mtu anayejulikana awe na uwezo wa kufuta ujumbe mbaya, kumwondoa asiyehusika na kukubali wanaoingia. Wasimamizi wawili wanafaa kuliko mmoja, kwa kuwa walimu huhamishwa na simu hupotea.

7. Mwisho wa mwaka itakuwaje? Kazi za wanafunzi ziweze kupakuliwa na kuhifadhiwa, kisha akaunti na picha zifutwe. Programu ambayo kazi ikiingia haitoki tena haifai shule.

Namna ya kutoa alama

Kila swali lipewe alama 0, 1 au 2. Jumla ni 14. Lakini maswali ya 4 na 5 yawe kama lango: programu ikipata 0 katika mojawapo, ikataliwe hata kama jumla yake ni kubwa. Sababu ni kwamba urahisi hauwezi kulipia hatari kwa mtoto. Programu ya bei nafuu iliyo wazi kwa kila mtu haiwi salama kwa kuwa ni ya bei nafuu.

Mfano wa kufanyia mazoezi

Tuseme mwalimu wa Gredi ya 7 ana wanafunzi 45. Anataka wapime mvua kwa wiki sita, waweke vipimo kwenye jedwali moja na wachore grafu. Nyumba 28 zina simu ya kisasa, 11 zina mulika mwizi, na 6 hazina simu ya kutegemewa. Shule ina kompyuta na tableti 9 zinazofanya kazi.

Njia ya kwanza ni kikundi cha WhatsApp cha wanafunzi. Lengo 1, kufikia wote 1, gharama 1, umri na sheria 0, faragha 1, usimamizi 2, mwisho wa mwaka 1. Jumla ni 7. Hiyo ni nusu ya alama, na huenda mtu akasema si haba. Lakini katika Gredi ya 7 wamo watoto ambao hawajafika miaka 13, kwa hivyo njia hii inakwama langoni.

Njia ya pili ni Google Classroom kwa akaunti zilizotolewa na kusimamiwa na shule, zikitumiwa shuleni pekee, baada ya wazazi kutia sahihi. Makundi 9 ya wanafunzi watano kila moja yatatosha vifaa 9, na hakuna anayehitaji simu nyumbani. Lengo 2, kufikia wote 2, gharama 1 kwa sababu shule italipia intaneti, umri na sheria 2, faragha 2, usimamizi 1 kwa sababu mwalimu bado anajifunza, mwisho wa mwaka 2. Jumla ni 12.

Njia ya tatu ni chati kubwa ya karatasi ukutani. Lengo 1, kwa kuwa grafu na marekebisho ni kazi ngumu zaidi kwa mkono. Kufikia wote 2, gharama 2, umri na sheria 2, faragha 2, usimamizi 2. Mwisho wa mwaka 1, kwa kuwa karatasi hupotea. Jumla ni 12 pia.

Alama zikilingana, si lazima moja itupwe. Vipimo vya kila siku viandikwe kwenye chati, na mara moja kwa wiki kila kundi liingize vipimo kwenye jedwali la pamoja na kuchora grafu. Intaneti ikikatika, mradi hausimami. Kikundi cha WhatsApp cha wazazi kibaki cha matangazo tu, na nyumba 17 zisizo na simu ya kisasa zipelekewe barua.

Chekechea na vyuo vya ufundi

Chini ya Ratiba ya Nne ya Katiba, serikali za kaunti husimamia elimu ya chekechea, vituo vya kulelea watoto na vyuo vya ufundi vya vijijini. Maswali ni yale yale, ila majibu hutofautiana. Mtoto wa chekechea hahitaji akaunti yoyote. Programu hapo ni ya mwalimu na mzazi pekee, na picha zitumwe kwa mzazi wa mtoto husika, si kwa kikundi kizima. Katika vyuo vya ufundi, wanagenzi waliotimiza miaka 18 hutoa idhini wenyewe, na picha za kazi zao, kama vile kiti kilichochomelewa au gauni lililoshonwa, zaweza kuwasaidia kutafuta wateja. Hata hivyo, waulizwe kwanza.

Hatua ambazo hazigharimu kitu

Msimamizi wa kikundi cha darasa anaweza leo kuweka mpangilio wa wasimamizi pekee kutuma ujumbe, kuwasha idhini ya wanaoingia, na kuondoa namba zisizojulikana. Mwalimu anaweza kuacha kutaja alama za mtoto mmoja mmoja kikundini, kwani matokeo ni taarifa za mtoto. Mzazi ana haki ya kuuliza kwa maandishi: programu gani inatumika, taarifa gani za mtoto zimewekwa humo, na zitafutwa lini.

Jambo hili lina uzito wa pesa pia. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Mzazi asiyeridhika aanze na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu na Bodi ya Usimamizi. Asipopata suluhu, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria inapaswa kuyashughulikia na kuyakamilisha ndani ya siku 90. Mtoto akitishwa, akidhulumiwa au akisumbuliwa mtandaoni, simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Ujumbe husika usifutwe kabla ya kuonyeshwa wahusika, kwa kuwa huo ndio ushahidi.