Waya za Spika Milangoni

SWALI: Nina pikapu ya zamani, milango haina waya za spika. Nizipitishe wapi bila kuharibu?

JIBU: Chomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Kisha fungua mlango uchunguze nguzo yake, katikati ya bawaba. Mara nyingi kuna tundu la kiwandani lililozibwa kwa raba. Litumie hilo.

Kama halipo, toboa tundu moja kwenye nguzo na jingine mlangoni, ila yasitazamane; moja liwe juu kidogo ya jingine, ili waya ujipinde taratibu mlango unapofungwa badala ya kukunjika. Hapa usiwe na haraka. Ukingo wa bati uliotobolewa ni mkali, na waya ukiusugua ganda huchunika, ukaleta shoti inayoweza kuunguza redio. Piga msasa, paka rangi kuzuia kutu, weka raba kila tundu, na pitisha waya ndani ya bomba la mpira.

Pima urefu wa waya mlango ukiwa wazi kabisa. Ndani ya mlango, funga waya mbali na njia ya kioo. Kabla ya kukata nafasi ya spika, shusha kioo hadi mwisho: sumaku isikiguse.